Boila ya Kuni kwa Mvivu Asiyetaka Kulipuka

Sogea karibu nikupe siri. Anayejenga boila ya kuni kwa akili hajengei siku zake nzuri, zile siku ambazo yuko macho, ana nguvu na anakumbuka kila kitu. Anajengea siku atakayozembea. Na wewe utazembea. Utapitiwa na usingizi moto ukiwa bado unanguruma. Utamwachia mtoto kazi ya kuchochea. Utakaa mwezi mzima bila kuchungulia tangi. Kisha wageni watakuja, na kwa kuwa hutaki wakasimulie kwao kwamba nyumbani kwako kuna baridi, utashindilia kuni hadi mlango wa jiko ukatae kufunga. Sikulaumu. Ndivyo binadamu alivyo, na boila haina budi kujengewa huyo huyo binadamu.

Kwa hiyo sitakuhubiria uangalifu. Umeshahubiriwa vya kutosha. Nitakufundisha kuzembea kwa mpango. Tutajenga boila ambayo mambo yakiharibika yote kwa mpigo, itatema maji kidogo, itapumua mvuke nje, na asubuhi utaamka ukute nyumba imesimama na chai inangoja.

Haya ni mashauri kwa mtu wa Nyahururu, Limuru, Molo na Kinangop, mtu wa Njombe na Makete, na pia ndugu yetu aliyehamia Wales akakuta sebuleni jiko la chuma lenye boila mgongoni. Baridi zetu hazilingani, lakini maji ni yale yale.

Hatua ya 1: Kubali kwamba kuni hazina swichi

Hita ya umeme ukiizima, imezimika. Gesi ukiifunga, imefungika. Kuni zikishashika hazikusikilizi. Kilo 1 ya kuni kavu ina takriban uniti 4 za nishati, uniti zile zile unazonunua kwa tokeni. Ukishindilia kilo 8 umewasha uniti 32 kwa mara moja, na hakuna wa kuzirudisha dukani. Joto hilo lazima liende mahali.

Basi kazi yako yote ya kupanga ni swali moja tu: joto litaenda wapi wakati hakuna anayelihitaji na hakuna anayeliangalia? Wengi hujibu upesi, "Pampu italisukuma." Pampu inategemea stima. Na stima hupotea lini? Hupotea usiku wa mvua na upepo, miti ikiangukia nyaya, yaani usiku ule ule uliojaza kuni mpaka juu.

Hatua ya 2: Ikwepe pampu, maji yajipandishe yenyewe

Huu ndio ujanja wenyewe, na ni halali kabisa. Maji yakipata moto hutanuka, yakawa mepesi, yakapanda. Yaliyopoa ni mazito, hushuka kushika nafasi. Weka boila chini, weka tangi la maji ya moto juu yake, unganisha mabomba mawili, moja la kupandia na moja la kushukia, kisha washa moto ukae. Mzunguko unaanza bila kuombwa. Moto ukizidi, maji yanakimbia zaidi. Moto ukifa, yanatulia. Hakuna bili.

Ukitaka ushahidi, inua macho utazame mtambo wa jua juu ya paa la jirani. Umeona tangi limelala juu na vioo viko chini yake? Sasa unajua kwa nini. Mwaka 1777, Mfaransa aitwaye Bonnemain alitumia maji ya moto yanayozunguka kwa njia hii kupasha joto mahali pa kutotolea vifaranga. Mtu aliyeweza kuuaminia ufundi huu mayai hakuwa na mchezo: yai halisamehe joto likipanda wala likishuka. Hata gari la Ford Model T, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, lilipoza injini hivyo hivyo bila pampu ya maji.

Ila nguvu yenyewe ni ndogo mno, nawe uijue udogo wake. Chukua boila na tangi vilivyoachana mita 2 kwenda juu. Maji yanayopanda yawe na nyuzi 80, yanayoshuka nyuzi 60. Nguvu yote inayozungusha maji hapo ni sawa na uzito wa maji yenye kina cha milimita 23. Tazama kidole gumba chako: upana wake ndio huo. Hiyo ndiyo pampu yako.

Pampu ya kidole gumba usiibebeshe gunia. Weka mabomba manene, inchi 1 kwa uchache, na ukiwa na safari ndefu weka inchi 1 na robo. Boila na tangi viwe majirani. Kona ziwe chache na za kuzunguka polepole. Panapotosha kupinda bomba, usiweke elbo. Na juu ya yote, bomba la kupandia lipande kila hatua. Kwa kila mita 1 inayolala, linyanyuke angalau sentimita 2. Likishuka hata kidogo katikati kisha likapanda tena, pale kwenye nundu hewa itajikusanya na kukaa kama mkwe asiyeaga, na mzunguko utasimama.

Hapa usiamini jicho, la kwako wala la fundi. Ukuta wa nyumba ya zamani umepinda, dari limelegea, na bomba lililonyooka kwa macho huwa limeinamia upande usiotarajiwa. Pimamaji fupi nayo hudanganya kwenye bomba refu. Leta mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani, ambao waashi hutumia kusawazisha msingi. Mmoja ashike ncha huku, mwingine kule, mtie alama kwa penseli ukutani, kisha mpime kutoka kwenye alama. Dakika 10 tu. Nimeona boila nzuri ikilaaniwa mwaka mzima kwa sababu ya nundu ya sentimita 3 nyuma ya kabati.

Neno moja kuhusu yale mabomba ya plastiki ya kuchomelea, PPR. Ni mazuri kwa maji ya kuogea, lakini hayakutengenezwa kukaa karibu na moto usiozimika. Kati ya boila na tangi tumia chuma au shaba peke yake, mwanzo hadi mwisho. Fundi atakwambia ameyaweka kwenye nyumba kumi na hajaona tatizo. Mkubalie kwa adabu, kisha ununue chuma.

Hatua ya 3: Boila ipumue

Kama utasoma hatua moja tu, soma hii. Kule Nyahururu, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 92. Mvuke unafika mapema kuliko kule Mombasa. Na lita 1 ya maji ikigeuka mvuke wote, inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Ikipata njia, ni mvuke wa chai. Ikikosa njia, ni bomu.

Njia hiyo ni bomba la kupumulia. Linaanza pale juu kabisa ambapo maji ya moto hufika, linapanda bila kushuka popote, linavuka usawa wa maji ya tangi dogo la kujazia (nitalieleza katika Hatua ya 4) kwa kama nusu mita, kisha linajipinda na kutazama ndani ya tangi hilo. Liwe la inchi 1. Lisiwe na koki. Lisiwe na valvu. Lisiwe na kizibo, hata cha muda, hata cha kitambaa, hata cha "nitakitoa kesho".

Nakwambia kwa uchungu, kwa sababu langu liliwahi kuzibwa. Fundi aliyenijengea boila ya kwanza aliona bomba linadondosha maji darini. Badala ya kulirefusha, akalifunga koki. "Mzee, sasa halitakusumbua tena," akaniambia, nami nikamshukuru. Wiki chache baadaye shemeji yangu akaja kutoka Mombasa na wanawe. Julai, ukungu hadi saa nne. "Shemeji, huku mnaishi vipi?" aliniuliza akiwa amejifunika blanketi mbili. Ningesema nini? Nilitoka nje nikajaza kuni za mkaratusi mpaka pakafurika, nikaingia kulala kwa fahari.

Saa nane usiku mabomba yakaanza kugonga. Ngu. Ngu-ngu. Ngu. Kama mtu anayepiga ukuta kwa nyundo kutoka ndani. Nilifungua kila bomba la maji ya moto nyumbani. Yalitoka yakitema na kupiga chafya, meupe kwa mvuke. Mke wangu akawatoa watoto kupitia mlango wa mbele. Mimi nikaingia kwenye kibanda cha boila na koleo, nikauburura moto wote nje kwenye majani yaliyolowa umande. Kugonga kukapungua, kukakoma. Asubuhi nilipanda darini. Tangi dogo la kujazia, la plastiki, lilikuwa limelegea ubavu mmoja kama chapati iliyotolewa mapema. Kilichotuokoa ni bomba la kuletea maji baridi: hilo halikuwa na koki, na mvuke ulirudi kwa njia hiyo. Koki ile ninayo hadi leo, kwenye droo ya jikoni, pamoja na vijiko.

Hatua ya 4: Usilionee haya tangi dogo

Maji lita 200 yakitoka nyuzi 15 hadi 90 huongezeka karibu lita 7. Lita hizo 7 haziwezi kubanwa. Zitatafuta pa kwenda. Mahali pake ni tangi dogo la kujazia, juu kuliko kila kitu, lenye koki ya boya ya kulijaza, mfuniko, na bomba la kumwagia ziada linalotokeza nje ya ukuta, mahali ambapo utaliona likidondosha unapopita.

Ninajua unachotaka. Unataka kulificha, na unataka la plastiki kwa kuwa ni rahisi na jepesi. Lifiche ukipenda, lakini liwe la chuma, na likae juu ya mbao imara. Mjini Taunton, Uingereza, mwaka 2006, hita ya umeme ilikosa kujizima, maji ya moto yakarudi kwenye tangi la plastiki lililokuwa darini, tangi likaachia, na mtoto mchanga aliyelala chumba cha chini akafariki. Hiyo ilikuwa hita yenye swichi. Kuni hazina.

Kutoka kwenye tangi hili, maji baridi yashuke kwa bomba lake pekee hadi chini kwenye bomba la kushukia. Hapo pia hapawekwi koki.

Hatua ya 5: Ringa kwa rejeta moja

Weka rejeta ya ukutani kwenye mzunguko huo huo wa kupanda na kushuka, juu ya usawa wa boila, na usiifunge koki. Hapa ndipo mahali pa kumwaga joto tangi likishajaa. Iweke kwenye korido au bafuni, mahali wageni watakapopita wakisema "Kumbe mna joto la Ulaya!" Wakisifu, pokea sifa. Hawahitaji kujua kwamba chuma kile kinakulinda usiku. Rejeta nyingine ukizitaka, zifungwe na pampu na koki kadiri upendavyo, mradi hii moja ibaki wazi daima na iendeshwe na kidole gumba.

Hatua ya 6: Mshinde fundi kabla hajafungua mkoba

Usibishane na fundi akiwa ameshika spana. Ubishani unamgusa heshima, naye ataweka koki ili tu kukuonyesha. Chora mchoro kwenye karatasi ya daftari siku moja kabla: boila chini, tangi juu, mabomba mawili, bomba la kupumulia. Juu ya mabomba hayo andika kwa kalamu nyekundu HAPANA KOKI. Kisha mpe ofa hii, imenifaa mara tatu: "Fundi, bei ya koki nne ulizopanga kuweka hapa nakulipa wewe, ila koki zenyewe zibaki dukani." Atakutazama, atacheka, atakubali. Umenunua usalama wako kwa bei ya vyuma vinne.

Mwache aongeze valvu ya usalama ya kutoa mvuke karibu na boila, ikitazama chini mbali na watu. Ni mlinzi wa pili. Bomba la kupumulia linabaki mlinzi wa kwanza.

Hatua ya 7: Panga kuni mbele ya nyumba

Ndiyo, mbele, chini ya upenu, wanapopita watu. Ukuta wa kuni zilizopasuliwa sawasawa humpa mtu heshima kijijini kuliko gari lisilo na mafuta. Na wakati wanazisifu, upepo unazikausha. Kuni mbichi hutoa karibu nusu ya joto la kuni kavu zenye uzito ule ule, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, na maji hayo nayo hula joto yakichemka. Kisha huacha dohani imepakwa lami nyeusi ambayo siku moja itashika moto yenyewe. Miwati na mikaratusi iliyokauka msimu mzima ndiyo mali. Ukiwa nayo, kilo 5 au 6 zinakutosha kupasha lita 200 za kuoga familia nzima.

Na nisikie vizuri hapa: moto ukae kwenye boila yenye dohani. Kila msimu wa baridi tunazika watu walioingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga dirisha na kulala. Gesi inayotoka kwenye makaa hayo haina harufu na haimkohoshi mtu. Kama boila iko ndani ya nyumba, nunua king'ora cha kaboni monoksaidi, kitundike kwenye chumba hicho hicho chenye boila, na usikitoe betri kuweka kwenye redio.

Hatua ya 8: Zembea, lakini si kwa mambo haya

Ukikuta maji yameisha na boila imekauka huku inawaka, usiifungulie maji baridi. Chuma chenye moto mkali kikipokea maji hutoa mvuke wote kwa sekunde moja. Toa moto nje, ondoka, acha ipoe hadi uweze kuishika kwa kiganja.

Ukichoka na boila ukaamua kuiacha, usiikate mabomba na kuiziba ikiwa bado ina maji ndani. Itakaa miaka kimya, kisha mpangaji mpya atawasha moto wa kupendezesha sebule. Itoe kabisa, au imwage na kuiacha wazi.

Maji ya tangi yafike nyuzi 60 ili vijidudu visizaliane, lakini nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, na ya mtoto haraka zaidi. Weka valvu ya kuchanganya kabla ya bomba la bafuni.

Na kama unatumia maji ya kisima yenye chokaa, fungua mabomba mara moja kwa mwaka. Ukoko hujijenga ndani polepole, kama ule wa sufuria ya ugali, hadi bomba la inchi 1 linapitisha penseli tu.

Hatua ya 9: Fanya jaribio la mzembe

Fundi akishaondoka, washa moto mdogo. Shika bomba la kupandia kwa kiganja. Dakika chache tu utahisi joto likipita chini ya mkono wako kuelekea juu, kimya kimya, huku bomba la kushukia likiwa bado baridi. Usiondoke upesi, nimefanya hivi mara nyingi na sijachoka bado kulihisi.

Siku ya pili, mchana, bila mtoto karibu, zima swichi kuu ya stima. Jaza kuni kama mtu mwenye wageni wa Mombasa. Usifungue bomba lolote la maji. Keti mahali unapoweza kuona tangi dogo na bomba la kumwagia ziada, na usubiri. Rejeta itapata moto hadi usiweze kuishika. Mabomba yatanong'ona. Baadaye bomba la kupumulia litakohoa, litatema kikombe cha maji ndani ya tangi, kisha litoe uzi mweupe wa mvuke. Nje, tone moja litaanguka, halafu jingine. Moto utajichosha wenyewe.

Ukiliona hilo kwa macho yako, washa stima, oga maji ya moto, ukalale.